Inchi Tatu za Futi ya Baba

3 Machi

Kaka Stempu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, tukiondoa goti langu la kushoto na redio mpya ya shemeji yako, ambayo ina kelele kuliko wodi ya wazazi siku ya mapacha. Na mimi ni mkunga, najua ninachosema. Mpwa wako wa kwanza ameajiriwa rasmi, ametuma picha akiwa na tai. Ameifunga vibaya. Nimemwambia mjomba wake angeifunga macho yakiwa yamefumbwa.

Salamu zimekwisha, sasa kaa kitako. Jirani wa ng'ambo ya barabara amenipigia simu, kwa kuwa wewe simu huitaki. Anasema dari ya chumba chako imeangukia kitandani. Si karibu na kitanda, kitandani penyewe. Umepona kwa sababu asubuhi ile uliamka mapema kwenda kuchemsha chai. Anasema ulitoka nje mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani hadi miguuni, ukamsalimia kwa adabu zako zote, ukamwuliza habari za kuku wake.

Kaka, una miaka sitini na mitatu. Nyumba hiyo Baba aliijenga kabla hujazaliwa. Mlango wa chumba chako umeoza chini, dirisha la jikoni unalifunga kwa kamba, na bati la juu ya korido lina matundu ninayoyafahamu tangu niko darasa la tatu, tuliyapa majina. Fundi wa mwisho uliyemleta aliziba tundu moja kwa bango la matangazo ya sabuni. Nimechoka kuishi nikisubiri simu ya jirani.

Basi haya ndiyo masharti. Likizo yangu inaanza tarehe mosi Novemba. Nakuja kukagua. Dari isimame, milango ifungwe kwa kitasa, madirisha yafungwe bila kamba, na mvua ibaki nje. Likishindikana moja tu, unafungasha mizigo, unakuja kuishi kwangu, na nyumba tunampangisha mtu mwenye nguvu zake. Usinijibu kwa hotuba.

Mdogo wako,
Kidole

17 Machi

Mdogo wangu Kidole,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi njiani. Enzi zangu kaunta namba mbili ya posta ingefika siku ya nne, na stempu ingekaa wima, si kuinama kama mlevi. Nimefurahi kusikia habari za mpwa wangu. Mwambie tai ni subira. Shemeji mpe salamu zangu, na redio uipe mto iulalie.

Masharti nimeyapokea na nimeyakubali, naweka na sahihi hapa chini ili usije ukasema niliyakwepa. Mimi nilizaliwa chumba cha kati cha nyumba hii. Nimeondoka humo kwenda kazini miaka thelathini na mitano na kila jioni nikarudi. Sina nia ya kumalizia maisha kwenye kochi la mtu, kama kifurushi kilichokosa mwenyewe. Kwa hiyo nitaitengeneza kwa mikono yangu hii miwili. Fundi sileti.

Kazi imeshaanza. Nimeitungua futi ya Baba kutoka kwenye msumari wake, mara ya kwanza tangu alipofariki. Nilinawa mikono kwanza. Unaikumbuka: ya kitambaa, ya njano, inchi sitini, tarakimu za mwanzo zimeliwa na vidole vyake, na kile kibati cha mwanzoni alichokishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Kwa futi hii Baba alivisha mtaa mzima, na hakuna aliyerudisha suruali. Nimepima kila kitu: mlango, dirisha, rafu za jikoni, mbao za dari. Nimeandika vipimo kwenye karatasi, nimepiga mstari chini.

Vifaa nimeagiza kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililofunguliwa pale penye kona, palipokuwa kwa kinyozi. Mwenyewe ni mwanamke wa makamo, watu wanamwita Mama Misumari kwa sababu huongea huku amebana misumari miwili mdomoni na kila neno linasikika. Nyuma ya duka ana karakana ya kupasua mbao na kutengeneza milango. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Mzee wangu, hakuna mtu aliyewahi kuja kununua misumari akiwa amevaa tai." Nikamwambia ndivyo nilivyolelewa. Ni mtu wa kejeli sana. Simpendi.

Kaka yako,
Stempu

9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Goti limepona, redio haijapona. Juzi nimezalisha mama mmoja, mtoto akatoka na nywele nyingi mpaka baba yake akauliza kama hajachelewa kuzaliwa. Tumecheka mpaka daktari akaja kuuliza kuna nini.

Nimesoma barua yako vizuri. Sina neno juu ya duka wala juu ya tai. Nina neno moja tu: futi ile irudishe kwenye msumari. Ni kumbukumbu, itachakaa. Nakutumia futi ya chuma, ile inayojirudisha yenyewe ndani ya kasha. Pima upya kabla hawajaanza kupasua mbao. Usiniulize kwa nini. Sababu ni kwamba ya chuma ni ya chuma.

Huku mvua zimeanza.

Kidole

28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nimefungiwa chumbani na mlango.

Nakueleza kwa utaratibu. Mlango ulikuwa tayari Jumamosi. Niliubeba kichwani mwenyewe kutoka dukani, na upepo uliponikuta pale kwenye kona nilizunguka mara mbili kabla ya kujua nyumbani ni upande gani. Nikaulaza ubavu, nikaupitisha hadi chumbani, nikausimamisha, nikausukuma kwenye fremu kutokea ndani. Haukuingia. Nikausukuma kwa bega. Ukaingia nusu, ukabana, na hapo ukakataa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mlango ukawa ukuta, na mimi nikawa nimebaki ndani na nyundo tu.

Nilitokea dirishani. Jirani alikuwa anawapa kuku wake chakula. Akanisalimia. Nikamwitikia huku mguu mmoja uko ndani na mwingine unatafuta ardhi. Akaniuliza kama niko salama, nikamwambia nakagua dirisha.

Nilirudi dukani na malalamiko rasmi. Mama Misumari akaja na futi yake ya dukani, akapima. Mdogo wangu, upana ulikuwa umezidi inchi tatu na urefu umezidi inchi sita! Akaniomba karatasi yangu. Mlango ulikuwa sawasawa na nilivyoandika. Basi akakaa juu ya debe la rangi, akashika mbavu zake, akacheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Halafu akafuta machozi akasema, "Watu wengi hukosea kupima, lakini hukosea ovyo. Wewe makosa yako yana nidhamu." Mlango ameupunguza. Umeingia. Kitasa kinafunga, naomba uandike hilo kwenye ukaguzi wako.

Kuhusu futi ya chuma, asante, lakini usiitume. Haiwezekani futi ya Baba ikose. Macho yangu ndiyo yaliyokosa. Kwenye dirisha la jikoni nimevaa miwani.

Stempu

20 Mei

Kaka Stempu,

Shikamoo na pole na mlango. Barua yako nimeisoma wodini wakati wa mapumziko, wakadhani nina kifafa. Shemeji yako ameniomba nimsomee tena sehemu ya upepo. Nimemsomea mara tatu.

Futi ya chuma nimeshaituma hata hivyo, ipo njiani, itumie. Nakusihi. Naona mwaka unakwenda na wewe una mlango mmoja tu.

Halafu huyu Mama Misumari usiyempenda nimemhesabu. Katika barua moja umemtaja, amecheka, amekaa juu ya debe, amefuta machozi. Dari ambayo ndiyo chanzo cha kesi yote hukuitaja hata kwa bahati mbaya. Ni mke wa mtu? Ana watoto? Anajua kwamba unapiga pasi soksi?

Kaka, kuna jambo nilitaka kukuambia juu ya ile futi, la zamani kidogo. Lakini maji yangu yanachemka jikoni, basi, siku nyingine.

Kidole

15 Juni

Mdogo wangu Kidole,

Marahaba mara mia. Leo nimeamka nikipiga mluzi, na mimi sijui kupiga mluzi.

Taarifa ya kazi ni kama ifuatavyo. Kioo cha dirisha la jikoni kililetwa, kikazidi inchi tatu. Rafu za jikoni zikazidi inchi tatu. Mama Misumari akasema sasa lazima aione kwa macho yake hii nyumba inayopungua. Akafunga duka saa nane mchana, akaja. (Ni mjane. Watoto wake wakubwa, wana kwao. Soksi aliziona kwenye kamba, akauliza ni za jeshi gani.) Nikamkaribisha sebuleni, nikamwekea chai, nikamwambia akae aone mwanaume anavyofanya kazi. Nikapanda darini kung'oa mbao zilizooza.

Kosa langu lilikuwa kuongea huku natembea. Nilikuwa namweleza jinsi tulivyopanga mifuko ya barua mwaka wa mafuriko, nikasahau kukanyaga kwenye boriti za kenchi, nikakanyaga ubao wa dari. Mguu wangu wa kulia ukashuka sebuleni mpaka pajani. Kiatu kilitangulia, kikaangukia mezani kando ya kikombe chake. Halafu nikamsikia akiuambia mguu wangu, kwa sauti ya mwenye nyumba, "Karibu chini."

Nilibana pale nusu saa. Sikuweza kupanda wala kushuka. Alinivalisha kiatu changu, akanifungia kamba, akarudi kukaa, na tukazungumza, mimi juu, yeye chini, mguu wangu katikati. Mdogo wangu, sijawahi kuzungumza vizuri namna ile tangu nistaafu. Labda hata kabla.

Nikiwa nimelala kifudifudi kule darini niliona kitu kimepenyezwa nyuma ya kenchi. Nitakueleza siku nyingine.

Futi ya chuma imefika. Nashukuru. Nimefungia nayo mlango wa banda la kuku wa jirani, unashika vizuri sana.

Stempu, mwenye mguu wa bluu

11 Julai

Kaka,

Shikamoo. Mguu ukande kwa maji ya moto yenye chumvi, na uunyanyue ukikaa. Hiyo ni amri ya hospitali.

Kitu gani? Mtu mzima huwezi kuandika "niliona kitu", halafu ukahamia kwenye kuku! Miaka thelathini na mitano umewahudumia wanaosubiri barua, leo unanifanyia mimi hivi. Ni kitu kikubwa au kidogo? Kigumu au cha kitambaa?

Jirani amepiga tena simu. Anasema unakwenda dukani mara tatu kwa wiki, unakwenda na ubao na kurudi na ubao, kila safari shati jipya. Anasema nje ya nyumba kumejaa vipande vya mbao. Kwa hesabu yangu, kaka, utashindwa. Mvua itakukuta dari iko nusu na Novemba itakukuta uko njiani na ubao.

Nakuambia ukweli mmoja, mwingine ukinisubiri. Kile chumba cha uani nimekipiga rangi. Nimekununulia kitanda. Nilianza kama tishio, sasa najikuta kila siku nakifuta vumbi na kuwaza utakaa wapi na kahawa yako, utagombana vipi na redio. Watoto wameondoka, nyumba ina mwangwi. Nimeanza kutaka ushindwe. Najua ni vibaya, ndiyo maana nakuandikia.

Jibu haraka.

Kidole

30 Agosti

Kaka yangu,

Wiki saba hujanijibu. Kama umekasirika, ninastahili. Na kama bado hujakasirika, kalia kiti.

Ile futi haina inchi sitini. Ina hamsini na saba. Niliikata mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Wiki ile baada ya mazishi wakubwa walikaa sebuleni kugawa vitu vya Baba. Mama akachukua mkasi. Cherehani ikaenda kwa baba mdogo. Wewe ukapewa futi, na wote wakatikisa kichwa kwamba ndivyo inavyofaa. Mimi nikauliza, "Na mimi?" Nikaambiwa, "Wewe bado mtoto, utapata baadaye." Kaka, hiyo baadaye sikuiona. Nikangoja mlipotoka kuwasindikiza wageni, nikapanda kiti, nikaishusha, nikang'oa kile kibati na kukata inchi tatu. Nilitaka zaidi, lakini nikaurudisha mkasi wa Mama. Kibati nikakirudisha kwa uzi mwekundu wa Mama. Ule uzi unaousifu ni mshono wangu mimi, na ukiuangalia vizuri ni mbaya.

Kipande nikamfunga mwanasesere wangu wa matambara kama mkanda. Siku ya pili nikaogopa utaona, nikapanda juu ya kabati nikampenyeza kwenye tundu la dari. Akaenda mbali, nikashindwa kumtoa. Kwa hiyo nilimkosa mwanasesere na mkanda wake pia. Ulinikuta nalia, ukadhani namlilia Baba. Nilikuwa namlilia, kwa namna hiyo.

Kila nilipokusoma, "imezidi inchi tatu", nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia bila kucheka. Ulivyobebwa na upepo, ulivyotokea dirishani, ulivyojilaumu macho yako! Lilikuwa neno moja tu na sikulisema. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nilinyamaza nikijua kabisa ninachofanya, kwa sababu ukishindwa unakuja kwangu. Mimi ndiye hakimu na mimi ndiye mwizi wa kesi hiihii.

Masharti yangu nayafuta. Kaa kwako hata dari yote ishuke. Ila usiache kuniandikia.

Kidole

14 Septemba

Mdogo wangu, mdogo wangu, mdogo wangu,

Marahaba hata ya ile shikamoo uliyoisahau. Sisi huku wazima. Nasema sisi. Endelea kusoma.

Nilijua. Kitu nilichokiona nyuma ya kenchi mwezi wa sita kilikuwa mwanasesere wa matambara, jicho moja, amefungwa mkanda wa njano kwa uzi mwekundu. Nilimtazama yeye, nikaitazama futi iliyokuwa shingoni mwangu, kesho yake nikapanda tena na futi yako ya chuma, nikaupima mkanda. Inchi tatu kamili. Nikajua pia kwa nini urefu wa mlango ulizidi sita: futi fupi, ukiilaza mara mbili, inakudanganya mara mbili. Karani wa posta huona furaha hesabu inapokubali, na mimi nilicheka peke yangu darini mpaka nikakaribia kushusha mguu wa pili.

Sikukuambia kwa sababu mbili. Ya kwanza, uliandika kuna jambo la zamani, ukakimbilia maji yako. Nikaona hili ni lake, aliseme mwenyewe. Ya pili ni ya aibu. Futi ya chuma haijawahi kufika kwenye banda la kuku. Niliitumia kujua ukweli, halafu nikaendelea kuagiza kwa futi ya Baba. Kwa sababu ubao ukitoshea mara ya kwanza, kazi imekwisha, mtu unabaki nyumbani. Ukizidi inchi tatu, lazima urudi dukani.

Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia. Nikaenda bila ubao. Mama Misumari akaniuliza, "Leo nini kimezidi?" Nikamwambia kila kitu, futi, mwanasesere, na kwamba kinachozidi ni mimi kutaka kumwona. Nilikuwa nimepanga hotuba ya dakika kumi, ikaisha kwa sentensi moja. Akaitoa misumari mdomoni, akaiweka mezani mmoja mmoja. Akasema, "Mimi nimejua tangu kioo cha dirisha. Unadhani duka langu halina futi? Nilikuwa nakata vilevile ulivyoandika, kwa sababu ningekata sawa usingerudi." Mdogo wangu, tulicheka mpaka wateja wakaondoka.

Nimemwomba anioe. Ndivyo nilivyosema, kwa kuchanganyikiwa, na ndivyo alivyokubali. Lakini ametoa sharti: haolewi na mwanaume anayemficha dada yake jambo, niandike kwanza. Nilikuwa naitafuna kalamu wiki ya tatu sijui nianzie wapi, ndipo barua yako ikaja. Ameisoma. Amesema sisi ndugu wawili tuna ugonjwa mmoja. Sasa amesimama nyuma ya bega langu, anadai kalamu.

Wifi, dari imekwisha, nimeikagua mwenyewe. Madirisha hayana kamba. Jana mvua imenyesha kwa saa nne, kaka yako ameweka ndoo mbili koridoni na kukaa katikati yake kama mlinzi, zote zimebaki kavu. Vile vipande vilivyokatwa tumetengenezea benchi la barazani. Linatosha watu wawili, watatu wakipendana. Njoo tarehe mosi. Usije kukagua, uje kumsemea mtu wako, maana mwenyewe hana anachojua kusema.

Nimerudishiwa kalamu. Sikiliza sasa, maana hili ndilo lililonifanya niandike tena barua hii mara nne. Wewe hukuiba. Ulikuwa na miaka tisa na Baba alikuwa wako kama alivyokuwa wangu, na watu wazima wote tuliokaa sebuleni mle hatukuliona hilo. Nami nilikuwepo. Nilikusikia ukiuliza, "Na mimi?" Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimeishika futi mkononi, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa naona fahari. Ungeniomba palepale, ningekukatia thelathini. Najua ningekukatia. Lakini sikungoja uniombe kwa kuwa sikuwaza kabisa.

Humu ndani ya bahasha utaikuta futi ya Baba. Inchi hamsini na saba, sawasawa na umri wako unaouficha. Ni yako. Ule mkanda wa mwanasesere nimeutundika kwenye msumari wake pale ukutani. Wewe ulikaa na tatu miaka arobaini na nane, na hata hizo hukuweza kuzifikia. Sasa na mimi nikae na tatu.

Kaka yako,
Stempu

2 Oktoba

Kaka yangu na wifi yangu,

Shikamoo kwako kaka, na kwa wifi nasema shikamoo pia, kwa sababu anayekuvumilia wewe ni mkubwa wangu.

Bahasha niliifungulia wodini. Kosa. Manesi wanne walinishika, wakadhani kuna msiba. Nikawaambia hapana, kaka yangu anaolewa. Sijui kama walielewa. Shemeji yako nilipomsomea alizima redio, kitu ambacho hakijatokea tangu Machi, akasema, "Hebu rudia hapo aliposema 'tangu kioo cha dirisha'." Ametafuta suti yake, haifungi. Nimemwambia asijali, ukoo huu kila kitu kinazidi.

Umri wangu usiuandike tena kwenye barua, watu wa posta wana macho.

Nakuja tarehe mosi na tai mbili, moja yako, moja ya mpwa wako umfunge mwenyewe. Nitakaa hapo barazani kwenye hilo benchi, watu watatu, nione kama linabeba. Kile kitanda cha chumba cha uani ni cha mtu mmoja, hakikufai tena; nimewapa manesi wakiweke kwenye chumba chao cha mapumziko. Mwanasesere msimwoshe kabla sijafika. Nataka kumwona na vumbi lake.

Futi inanuka Baba. Nilidhani nimesahau, chaki na mafuta ya cherehani. Siku tatu nilikuwa nimeivaa shingoni kama yeye, nikipika nayo, nikifagia nayo. Siku ya nne nikaona nayo ifanye kazi, isikae tu. Nikapima dirisha la kile chumba cha uani kilichobaki kitupu, nikanunua kitambaa, nikashona pazia kwa mkono. Kwa uzi mwekundu.

Limezidi inchi tatu. Nimelitundika hivyohivyo.

Kidole